Ukitaka Mtaa Wako Utenganishe Taka, Anza kwa Mnunuzi

Kampeni nyingi za kutenganisha taka Dar es Salaam huanza na fulana. Hufuata bango, kipaza sauti, mgeni rasmi akipigwa picha ameshika fagio, na mapipa matatu ya rangi tatu mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Baada ya muda pipa moja linahifadhia maji nyumbani kwa mtu, la pili limejaa maganda ya ndizi yaliyochanganyika na pampasi, na la tatu hakuna anayejua liliko. Wenye fulana wanarudi ofisini na kusema wananchi hawana elimu.

Elimu wanayo. Mama anayepika kila siku anajua kuwa ganda la embe linaoza na chupa ya maji haiozi, hahitaji semina. Kinachomshinda ni kuona sababu ya kutenganisha alfajiri vitu ambavyo gari la taka litakuja kuvirundika pamoja saa nne. Gari hilo analiona kila linapopita, na hakuna bango litakalomfanya aamini kinyume cha anachokiona. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho wa safari ya taka, kwa anayezinunua, na mlango wa jirani utaufikia baadaye. Umeandikwa kwa mtu wa mtaani: mwenyekiti, kijana wa kikundi cha usafi, mwenye nyumba, mwanachama wa kikoba aliyechoka kuona mtaro umeziba. Mifano ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokufahamu. Aliye Mwanza au Mombasa ataona mwenyewe pa kurekebisha.

Kwenye mizani

Karibu kila kata ina uwanja uliozungushiwa bati kuukuu, wenye mizani ya kuning'inia, rundo la vyuma chakavu na malundo ya viroba vya chupa. Nenda pale jioni, waokota makopo wanapoleta walichokusanya kutwa nzima. Kaa, salimia, tazama nini kinapimwa na nini kinatupwa pembeni. Kisha muulize mwenye mizani maswali machache na uandike majibu kwenye daftari: ananunua nini, kikiwa katika hali gani, chupa ziwe na vifuniko au bila, kilo bei gani, na mzigo ufike kilo ngapi ndipo atume guta kuufuata. Usiishie kwa mmoja. Bei ya plastiki chakavu hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta duniani, kwa kuwa plastiki mpya hutokana na mafuta. Mpya ikiwa rahisi, viwanda havisumbuki kutafuta chakavu, na mnunuzi wako anaweza kuacha kupokea simu. Uwe na wawili au watatu.

Utakachokikuta hakitatofautiana sana na hiki. Chuma, shaba na makopo ya alumini vina soko wakati wote, na mara nyingi havifiki hata jalalani. Chupa za maji na soda, zile angavu zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako, zinanunuliwa. Madumu, ndoo na plastiki ngumu, nyingi zikiwa na namba 2 au 5, nazo zinanunuliwa. Maboksi yanachukuliwa yakiwa makavu. Yakilowa mchuzi ni uchafu kama uchafu mwingine. Chupa za bia na soda za kioo zina kreti zake na njia yake ya kurudi dukani, usiziingilie. Pakiti za biskuti, za chipsi na za sabuni ya unga kwa kawaida hazina mnunuzi, kwani aghalabu ni tabaka za malighafi tofauti zilizogandishwa pamoja, na kuzibandua ni kazi kubwa kuliko thamani yake. Hilo uliseme wazi tangu mwanzo. Mtu aliyeosha pakiti mwezi mzima kisha akaziona zinamwagwa hatakusikiliza tena, hata ukija na jambo jema.

Sasa chagua kitu kimoja. Napendekeza chupa za plastiki, kwa sababu hazinuki, hazichomi mkono, zinaonekana kwa wingi na kila mtoto anazijua. Wapo watakaokuambia uanze na makundi matano kama wanavyofanya Ujapani. Waache waanze wao.

Kabla hujatoka hapo mizanini, piga hesabu, maana hesabu hii itakuokoa na ahadi za uongo. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi. Kilo moja basi ni chupa 50 mpaka 100. Nyumba ya watu watano wanaochemsha maji ya bomba haitafikisha kilo kwa mwezi. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba taka ni mali na yeye atatajirika. Kilo zinapatikana mtaa mzima ukiweka pamoja, na fedha inayotokana nazo ni ndogo ikigawanywa, kubwa kiasi ikikaa mahali pamoja.

Kuna mtu tayari anaifanya kazi hii

Hapa ndipo kampeni nyingi hufanya dhuluma bila kujua. Chupa za mtaani kwako zina mwenyewe. Kuna kijana anayepita na kiroba begani kabla ya jua kuchomoza, kuna mama anayefungua mifuko jalalani, kuna mlinzi wa ghorofa anayeziweka chupa za wapangaji nyuma ya kibanda chake na kuziuza mwisho wa mwezi. Ukikusanya chupa zote na kuzipeleka mwenyewe, umewanyang'anya mlo, na watakupinga kimyakimya kwa njia ambazo hutazigundua.

Waendee kabla ya kumwendea jirani yeyote. Waambie mpango wako na uwaulize wangependa ufanyikeje. Mara nyingi mwafaka ni rahisi: wao ndio wawe wakusanyaji, wapite siku na saa moja iliyopangwa, wapate chupa safi zisizochanganyika na mabaki ya chakula, na wasilazimike tena kupekua mifuko. Chupa safi inapimwa vizuri zaidi na haiwakati mikono. Wewe unapata kitu ambacho kikundi cha kujitolea hakiwezi kukupa: mtu ambaye atakuja kila wiki kwa sababu ndipo anapopatia riziki yake. Mtambulishe kwa majina yake nyumba kwa nyumba. Anayeitwa chizi na watoto siku zote, akitambulishwa kwa heshima na mwenyekiti, hupokewa tofauti.

Nani hasa anashika ndoo ya taka?

Mkutano wa mtaa wa Jumapili huhudhuriwa na kina baba, na kina baba wengi hawajawahi kushika ndoo ya taka ya nyumba yao. Wataunga mkono hoja kwa makofi, watakwenda nyumbani, na hakuna kitakachobadilika jikoni.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, korido katikati, uani pa wote, wapangaji wa familia tano au sita na kiroba kimoja cha taka karibu na choo. Anayetupa ni mtoto aliyetumwa, dada wa kazi, au mke aliyemaliza kufagia zamu yake. Hao ndio wa kuzungumza nao. Wanapatikana bombani, gengeni, kwenye kikoba, na saa tisa alasiri wakati vyombo vimeoshwa na chakula cha jioni hakijaanza. Dada wa kazi umwambie mbele ya mama mwenye nyumba, ili asionekane amejiamulia mambo. Mwenye nyumba unamhitaji kwa jambo moja tu, ruhusa ya kupigilia msumari ukutani.

Msumari huo ni muhimu kuliko bango. Kiroba cha mchele cha kilo 25 kilichotundikwa ukutani, mdomo wazi, karibu kabisa na pale taka zinapotupwa, kinatosha. Hakichukui nafasi sakafuni, kuku hawakifikii, na kila anayepita anaona chupa ndani yake hata bila maandishi. Ukikiweka hatua kumi kutoka kwenye ndoo ya taka, chupa zitaishia kwenye ndoo. Mwanadamu ndivyo alivyo, msomi na asiye msomi.

Mlangoni

Nenda na mtu mmoja, si kundi. Vua viatu ukikaribishwa ndani, ingawa mara nyingi mazungumzo yataishia barazani. Yanaweza kwenda hivi:

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, za huko?"

"Nzuri, mama. Mimi ni jirani yako wa nyumba ile yenye geti la kijani. Jumamosi hii saa mbili asubuhi kuna guta litapita kuchukua chupa za plastiki. Nimekuletea kiroba, nikitundike pale uani. Chupa ziingie humu, na mengine mwendelee kama kawaida."

Basi. Hujataja mazingira, bahari wala tabianchi. Umetaja siku, saa, kitu kimoja na mahali pa kukiweka, na umeomba jambo analoweza kulifanya jioni hiyohiyo. Sasa subiri maswali, maana yatakuja, na ndiyo yanayoamua.

Akisema gari la taka linachanganya kila kitu, mkubalie. Kisha mwambie chupa hizi hazipandi gari hilo, zinakwenda kwa mnunuzi fulani mahali fulani, na kama ana nafasi Jumamosi aje aone zikipimwa. Wachache watakuja, na hao wachache watawasimulia wengine. Akisema ameshalipa ada ya taka, ana haki. Usibishane naye, mweleze tu kwamba ada inabaki palepale na hapa haombwi hata shilingi. Akisema hana nafasi, mwonyeshe msumari. Akisema ataanza mwezi ujao, mwachie kiroba.

Swali gumu ni la fedha: anakula nani? Jibu lazima liwe moja midomoni mwa wote, na muwe mmekubaliana kabla hamjagonga mlango wa kwanza. Maoni yangu ni kwamba mkusanyaji abaki na mapato yake, au sehemu kubwa zaidi, na kinachobaki, kama kipo, kiandikwe kwenye daftari linalokaa dukani ambapo yeyote anaweza kulifungua. Vikundi vingi vya mtaani huvunjwa na daftari linalokaa kabatini kwa mweka hazina.

Kwa nini nasisitiza jirani aende mwenyewe badala ya kusambaza vipeperushi? Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1991 mtafiti Shawn Burn alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Claremont, California, ambako baadhi ya nyumba ziliendewa na jirani wa mtaa uleule aliyekuwa tayari anatenganisha taka, akaongea nao na kuwapa mifuko, na nyingine zikaachiwa ujumbe wa maandishi tu. Nyumba zilizoendewa na jirani zilishiriki zaidi. Sisi tuna mtandao wa namna hiyo tangu miaka ya 1960, ulipowekwa mfumo wa nyumba kumi kumi, na balozi anaijua kila familia na kila ugomvi wa uani. Mtumie, lakini kwa tahadhari. Balozi, yaani mjumbe wa shina, ni kiongozi wa chama cha siasa, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, kila nyumba kumi zina mtu ambaye hatashika kiroba kilicholetwa na chama asichokipenda. Balozi aje kama jirani, bila kofia na bila kadi, na mlango wa mpinzani wake ugongwe na mtu mwingine.

Sababu inayoingia moyoni

Mtu akikuuliza kwa nini ujisumbue, usimpeleke mbali. Mwonyeshe mtaro. Masika ikianza, chupa na mifuko hukusanyika kwenye mdomo wa karavati, maji yanarudi nyuma na kuingia uani pamoja na kilichomo vyooni. Wakazi wa Bonde la Msimbazi na Jangwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini usiahidi kwamba mafuriko yatakwisha. Bonde linafurika pia kwa sababu ya mchanga unaoshuka kutoka juu na nyumba zilizojengwa mahali pa maji, na mvua ya kwanza itakuumbua. Sema mtaro wenu utaziba kidogo kuliko mwaka jana. Hilo linaonekana kwa macho.

Kwa wazee wa mjini kuna sababu nyingine, nayo ni ya historia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walilishtaki Baraza la Jiji kwa kumwaga taka karibu na nyumba zao, kwa moshi, nzi na uvundo, na wakashinda. Jiji likahamishia magari Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Baadaye ikawa Vingunguti, halafu Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi, mbali zaidi na katikati ya jiji, na kila kilomita inayoongezeka ni mafuta ya gari na ni sababu ya gari kuchelewa kufika mtaani kwako. Kila kilo inayoishia kwa mnunuzi ni kilo ambayo haikuhitaji kusafiri hadi Pugu. Mzee aliyeishi Tabata wakati ule ataieleza hoja hii vizuri kuliko wewe. Mpe nafasi aiseme mkutanoni.

Sheria iweke mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu juu ya taka ngumu, na halmashauri zina sheria ndogo zenye faini. Watu watakukumbusha jinsi mifuko ya plastiki ilivyotoweka baada ya tarehe 1 Juni 2019. Ni kweli, lakini mifuko ilikamatiwa dukani na sokoni, mahali pa wazi. Muuzaji aliacha kuitoa na mteja akaja na kikapu. Kutenganisha taka hufanyika nyuma ya ukuta ambapo hakuna mgambo. Ukianza na vitisho, watu watatenganisha siku ya ukaguzi.

Ubao wa dukani

Kila Jumamosi baada ya kupima, andika kilo zilizopatikana kwenye kipande cha ubao mweusi nje ya duka linalopitiwa na wengi. Tarehe, kilo, na kilo za wiki iliyopita. Hapa pia kuna ushahidi: Wesley Schultz alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1999 huko La Verne, California, kwamba watu walipopewa taarifa za jinsi wao wenyewe au majirani zao walivyokuwa wakishiriki, ushiriki ulipanda, wakati maelezo matupu kuhusu faida hayakuwa na nguvu hiyo. Usiandike majina ya wasioshiriki. Mtu aliyeaibishwa ubaoni hutafuta sababu ya kuuchukia mpango mzima, naye ana ndugu na mashoga. Na wiki ambayo kilo zimeshuka, andika vilevile zilivyoshuka. Watu huamini ubao unaokubali kushuka.

Tatizo kubwa litakuja kutoka upande wako. Guta litapata pancha, mkusanyaji ataugua, mnunuzi atafunga. Viroba vikijaa na kukaa wiki mbili bila kuchukuliwa, mbu watazaa kwenye chupa zenye maji na mama ataviteremsha kwenye msumari. Ukijua hatapita mtu, wajulishe watu Ijumaa, kwa simu au kwa kumtuma mtoto, na uwe na mkusanyaji wa pili unayeweza kumpigia. Waambie pia wamwage maji yote na wakanyage chupa kabla ya kuitupa kirobani. Inapungua ukubwa na mbu wanakosa makazi.

Chupa zikishazoeleka

Hamia jikoni, kwa kuwa huko ndiko uzito uliko. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni maganda, mabaki ya ugali na wali, mabua ya mchicha. Ndizo zinazonuka, ndizo zinazolowesha maboksi, na ndizo zinazofanya kiroba cha taka kiwe kizito. Weka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko kwa ajili ya hizo peke yake. Uliza mtaani nani anafuga: maganda ya ndizi na ya viazi yanakubaliwa na mbuzi, makombo na kuku, na mfugaji wa nguruwe atakuja mwenyewe na dumu lake akijua kuna nyumba ishirini zinazomwekea. Watajie plastiki na mifupa ya samaki kama vitu visivyotakiwa humo.

Mwenye kipande cha ardhi anaweza kutengeneza mboji: tabaka la maganda, tabaka nene zaidi la majani makavu au maranda ya fundi seremala, geuza kwa jembe mara moja kwa wiki, funika mvua ikinyesha. Ikinuka, imezidi maji, ongeza maranda. Nyama na samaki zisiingie, huita panya. Pasipo na nafasi ya kufuga wala kulima, kama ilivyo Manzese au Tandale, kazi hii inahitaji mtu wa kuichukua nje ya mtaa, na hapo ndipo unapohitaji halmashauri. Jiji linao mfano wake: kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na katika kata ya Bonyokwa shirika la Nipe Fagio liliweka utaratibu wa kukusanya mlango kwa mlango taka zilizokwisha tenganishwa. Mpeleke mtendaji wako Bonyokwa akaone, umlipie nauli ikibidi. Atakayoyaona siku moja yatamshawishi kuliko barua zako.

Pampasi, pedi, betri, sindano na vidonge vilivyokwisha muda havina nafasi katika kiroba cha chupa wala ndoo ya maganda. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwenye boksi, viandikwe. Na ule mtindo wa kuchoma plastiki uani jioni uzungumzeni waziwazi, kwa sababu moshi huo unaingia vyumba vyote sita na mtoto mwenye pumu yuko chumba cha nne.

Wapangaji huhama. Katika mtaa wenye nyumba za kupanga, baada ya mwaka utakuta sura nyingi mpya ambazo hazikuwepo ulipogonga milango, na kiroba kilichotundikwa wanadhani ni cha mpangaji aliyeondoka. Mkabidhi kazi hii mtu mmoja kila nyumba, ikiwezekana mpangaji wa siku nyingi, ili kila mgeni anapoonyeshwa choo, bomba na zamu ya kufagia, aonyeshwe na kiroba na kuambiwa guta hupita Jumamosi saa mbili.